Ukaguzi wa Kurasa za Tovuti Kabla ya Kutangazwa: Somo kwa Watumishi na Wananchi

Watumishi wote wanaohusika na utoaji wa matangazo, na wananchi kwa jumla, wanakumbushwa kwamba tangazo la Serikali linalowekwa katika tovuti lina uzito uleule wa tangazo linalobandikwa ubaoni au kusomwa redioni. Mtu aliyelikosa kwa sababu ya kasoro ya ukurasa amelikosa kweli, na tarehe ya mwisho haimngojei. Somo hili linaeleza namna ya kuukagua ukurasa kabla ya kutolewa, ili ijulikane kwamba msimbo wake umeandikwa kwa kufuata viwango vinavyokubalika, na kwamba mwananchi yeyote ataweza kuusoma kwa chombo alichonacho.

Limeandikwa kwa ajili ya afisa asiyekuwa fundi wa kompyuta. Mafundi wanayajua mengi ya haya, ingawa si wote wanaoyafuata.

Ukurasa wa tovuti, kabla ya kuonekana kama tunavyouona, ni maandishi ya kawaida yaliyochanganywa na alama. Alama hizo huiambia programu ya kusomea, yaani kivinjari, kwamba hapa pana kichwa cha habari, hapa pana aya, hapa pana jedwali, na hapa pana kiungo cha kumpeleka msomaji kwengine. Lugha ya alama hizo huitwa HTML. Mwasisi wake ni Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ambaye alitoa pendekezo lake la mtandao huu mwaka 1989. Mwaka 1994 alianzisha jumuiya ya kusimamia viwango, ijulikanayo kwa herufi W3C. Jumuiya hiyo ilihitajika mno, kwa sababu katika miaka ile kampuni za Netscape na Microsoft zilikuwa zikishindana, kila moja ikijibunia alama zake, hata tovuti nyingi zikawa na maandishi ya kumtaka msomaji atumie kivinjari fulani na si chengine. Ni sawa na ofisi kumwambia mwananchi kwamba barua yake haitasomwa mpaka aiandike kwa kalamu ya duka fulani.

Kwa nini makosa hayaonekani

Kivinjari kimeundwa kusamehe. Fundi akisahau kuifunga alama, akaifunga mahali pasipo pake, au akaandika alama isiyokuwemo katika lugha hiyo, kivinjari hakikatai kuufungua ukurasa wala hakimwonyi msomaji. Hukisia kilichokusudiwa na kuendelea. Kwa muda mrefu kila kivinjari kilikisia kwa njia yake, na ukurasa mmoja ukaonekana kwa sura mbili au tatu. Kiwango cha HTML5, kilichopitishwa rasmi na W3C tarehe 28 Oktoba 2014, kiliweka kanuni ya pamoja ya kuyashughulikia makosa. Mwaka 2019, W3C na kundi la WHATWG, ambalo linasimamiwa na watengenezaji wa vivinjari, zilikubaliana kwamba kuwe na kiwango kimoja tu, kinachorekebishwa mfululizo. Hivyo vivinjari vya leo hukisia kwa namna moja. Hata hivyo, vinaweza vyote kwa pamoja kukisia kinyume na alivyokusudia mwandishi.

Tuchukue mfano wa tangazo la nafasi za masomo. Afisa ameweka kiungo cha kupakua fomu, kikafuatiwa na sentensi isemayo kwamba fomu zirejeshwe kabla ya tarehe 30 Juni, kisha kikaja kiungo cha pili cha kuwasiliana na ofisi. Katika kiungo cha kwanza, anuani ya faili ilifunguliwa kwa alama ya kunukuu lakini haikufungwa. Kivinjari, kwa kufuata kanuni, huihesabu anuani hiyo kuwa inaendelea mpaka kikutane na alama ya kunukuu nyengine, na hiyo imo ndani ya kiungo cha pili. Yote yaliyo baina yao, yaani maneno ya kiungo cha kwanza pamoja na sentensi yenye tarehe, humezwa ndani ya anuani na hayaonekani. Kinachobaki ni kiungo kimoja kinachosema "Wasiliana nasi", nacho kikibonyezwa hakimfikishi mtu anakotaka. Hakuna maandishi mekundu wala pengo lolote katika ukurasa. Afisa aliyeuandika anaijua tarehe, kwa hiyo macho yake huipita nafasi ile bila ya kushtuka. Kijana wa Wete anayeusoma kwa simu hana njia ya kujua kwamba palikuwa na tarehe.

Kasoro nyengine inayotokea mara kwa mara ni ya kitambulisho kilichorudiwa. Katika fomu, kila kisanduku cha kujazia hupewa kitambulisho chake, kinachoandikwa kwa neno "id", na maneno yaliyo kando ya kisanduku huunganishwa nacho kwa kitambulisho hicho. Kanuni inakataza kitambulisho kimoja kutumika mara mbili katika ukurasa mmoja. Fundi mwenye haraka hukinakili kisanduku cha "Jina la mwombaji" ili kutengeneza cha "Jina la mama", akabadilisha maneno na kusahau kitambulisho. Kwa mwenye kuona, fomu haina tatizo. Kwa asiyeona, anayetegemea programu ya kumsomea skrini kwa sauti, maneno yote mawili yameunganishwa na kisanduku cha kwanza, na cha pili hakina jina. Atajaza nini hapo? Huenda akabahatisha, na fomu yake ikarudishwa kwa madai kwamba haikujazwa sawasawa.

Kikaguzi na namna ya kukitumia

Makosa ya namna hii hugunduliwa kwa programu iitwayo kikaguzi. Kile cha W3C kinapatikana bila ya malipo katika anuani ya validator.w3.org. Afisa anaweza kukipa anuani ya ukurasa uliokwisha kutolewa, au kukipelekea faili, au kunakili msimbo na kuubandika katika kisanduku kilichopo. Njia mbili za mwisho ndizo zinazofaa kwa tangazo ambalo bado halijatoka. Lakini ukurasa wenye taarifa za siri za watu usipelekwe katika kikaguzi kilicho nje ya ofisi. Programu hiyo hiyo inaweza kupakuliwa na kuwekwa katika kompyuta ya ofisi, ikafanya kazi hapo hapo.

Majibu ya kikaguzi huwa ya aina mbili kubwa: makosa, ambayo ni uvunjaji wa kanuni za lugha, na maonyo, ambayo ni mambo yanayotakiwa kuangaliwa. Kila jibu huonesha mstari na nafasi katika mstari ambapo kasoro imeonekana. Mtu anayekitumia kwa mara ya kwanza aghlabu hupata orodha ndefu akakata tamaa. Asikate tamaa, kwa kuwa alama moja isiyofungwa huzaa malalamiko mengi yanayoifuata. Arekebishe kosa la kwanza, akague tena, na orodha itafupika zaidi ya alivyotarajia. Ifahamike pia kwamba mstari uliotajwa ni pale kikaguzi kilipogutuka, si lazima pale kosa lilipofanyika. Katika mfano wetu wa fomu za masomo, kikaguzi kitalalamika kwenye kiungo cha pili, ilhali kosa limo katika kile cha kwanza. Kwa hiyo mtafutaji asome kurudi nyuma.

Kipo na kikaguzi cha CSS, lugha inayosimamia rangi, herufi na mpangilio. Makosa ya huko mara nyingi ni ya sura tu, nayo yashughulikiwe baada ya yale ya HTML.

Kuna jambo moja ambalo Wazanzibari wana sababu ya pekee ya kuliangalia, nalo ni usimbaji wa herufi. Kiwango cha sasa kinataka kurasa zote zitumie usimbaji wa UTF-8, na tamko la usimbaji huo liwemo ndani ya baiti 1024 za mwanzo wa ukurasa. Kiswahili hakina herufi za ajabu, na kwa ajili hiyo mafundi hulipuuza jambo hili. Lakini tunayo ng' yetu. Programu za kuandikia barua hugeuza alama iliyo baada ya g kuwa ya kupinda, na ukurasa usiotamka usimbaji wake, au uliotamka usio sahihi, unaweza kuionesha Ng'ambo kuwa "Ngâ€™ambo". Mkaazi wa Ng'ambo ataelewa, huenda na kucheka. Programu ya kusoma kwa sauti haitaelewa, na mtu anayetafuta jina la mtaa wake katika orodha ya majina hatalipata.

Yale ambayo kikaguzi hakiyaoni

Kikaguzi ni mfano wa msahihishaji wa sarufi. Humjulisha mwandishi kwamba sentensi imevunjika, lakini hakiwezi kumwambia kwamba alichokisema si kweli. Ukurasa unaweza kupita bila ya kosa hata moja na bado ukawa haumfai mtu.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa lugha. Mwanzoni mwa kila ukurasa hutakiwa kutajwa lugha uliyoandikwa, kwa sifa iitwayo "lang". Alama ya Kiswahili ni herufi mbili, "sw". Violezo vingi vya tovuti hutoka nchi za nje vikiwa vimeandikwa "en", yaani Kiingereza, na fundi huvijaza maneno ya Kiswahili bila ya kuigusa sifa hiyo. Kwa sarufi ya HTML hilo si kosa, kwani "en" ni thamani halali. Ila programu ya kusoma skrini huitegemea sifa hii kuchagua matamshi. Programu ya NVDA, ambayo ilianzishwa Australia mwaka 2006 na hutolewa bure, hutumia sauti ya eSpeak NG inayojua kutamka Kiswahili. Ikiambiwa kwamba ukurasa ni wa Kiingereza, hukitamka Kiswahili chote kwa kanuni za Kiingereza, na msikilizaji hapati hata neno moja lililonyooka. Herufi mbili tu ndizo zinazotenganisha tangazo linaloeleweka na kelele. Hakuna rekebisho lenye faida kubwa kwa kazi ndogo kama hili, na kila ofisi inaweza kulifanya leo.

Mfano wa pili ni wa picha. Kanuni inataka picha yenye maana iwe na maandishi mbadala, yanayowekwa katika sifa ya "alt", ili asiyeiona aambiwe kilichomo. Picha isiyokuwa na sifa hiyo kikaguzi huitaja kuwa ni kosa. Lakini fundi akiandika "picha", au akaacha jina la faili kama lilivyotoka katika kamera, kikaguzi hunyamaza. Ni mtu tu anayeweza kuhukumu iwapo maneno yale yanamfaa msomaji.

Hapa hatuna budi kuitaja desturi ya kuichukua barua iliyotiwa saini na muhuri, kuipiga picha, na kuiweka picha hiyo kuwa ndiyo tangazo. Nia inaeleweka: muhuri huondoa shaka. Lakini kwa kompyuta hilo si andishi, ni picha ya karatasi. Haisomeki kwa sauti, haitafutiki kwa neno, herufi zake hazikuzwi bila ya kuharibika, na kwa mtu anayenunua kifurushi kidogo cha intaneti ni mzigo mkubwa kuliko maneno yaliyomo. Maneno ya tangazo yaandikwe katika ukurasa wenyewe, na barua yenye muhuri iambatishwe kwa anayeihitaji.

Huenda ikaulizwa iwapo mambo madogo kama haya yamewahi kufika mbele ya sheria. Yamefika, na shauri linalojulikana zaidi ni la Australia. Mwezi wa Juni 1999, Bruce Maguire, asiyeona na anayesoma kompyuta kwa kifaa cha nukta nundu, alilalamika mbele ya Tume ya Haki za Binadamu na Fursa Sawa ya nchi hiyo kwamba tovuti ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney haimfai. Picha na viungo vyake havikuwa na maandishi mbadala, orodha ya michezo haikufikika kutoka ukurasa wa ratiba, na majedwali ya matokeo hayakusomeka. Kamati ya maandalizi ilijitetea kwamba marekebisho yangemchukua mtu mmoja siku 368, akifanya kazi saa 8 kila siku. Wataalamu walioitwa kutoa ushahidi walisema kwamba kikundi kidogo chenye fundi mmoja mzoefu na wasaidizi wachache kingeweza kuifikisha tovuti katika hali ya kuridhisha kwa wiki 4. Tarehe 24 Agosti 2000 Tume iliamua kwamba Maguire alibaguliwa kinyume na sheria ya mwaka 1992, na kuiamuru kamati iyarekebishe mambo yale kabla ya tarehe 15 Septemba, siku ya ufunguzi wa michezo. Kamati ilitekeleza sehemu tu ya amri hiyo, na mwezi wa Novemba 2000 iliamriwa kumlipa dola 20,000 za Australia.

Zile siku 368, ziwe zilihesabiwa vyema au vibaya, ni gharama ya kurekebisha kilichokwisha kujengwa. Mtu anayeandika maneno mawili ya kuieleza picha wakati anapoiweka hatumii hata dakika moja.

Kwetu sisi, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Kifungu cha 9 cha Mkataba huo kinazitaka nchi wanachama kuwawezesha watu wenye ulemavu kuzifikia habari na mawasiliano, pamoja na intaneti. Vipimo vya kiufundi vimo katika miongozo ya W3C iitwayo WCAG. Toleo la kwanza lilitoka mwezi wa Mei 1999, na la 2.2 lilitoka mwezi wa Oktoba 2023. Miongozo hiyo ina daraja tatu, A, AA na AAA, na daraja la kati ndilo linalodaiwa na sheria za nchi nyingi. Miongoni mwa masharti yake ni kwamba maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa kiwango kisichopungua 4.5 kwa 1. Maandishi ya kijivu juu ya weupe, yanayopendwa na wasanifu, mara nyingi hayafiki hapo, na anayeusoma ukurasa juani bandarini analijua hilo bila ya kupima.

Msomaji makini atagundua kwamba toleo la 2.2 liliondoa sharti la zamani kuhusu usahihi wa msimbo, lililokuwa na namba 4.1.1. Baadhi ya mafundi wamelichukua hilo kuwa ni ruhusa ya kuacha kukagua. Hiyo si tafsiri sahihi. Sharti liliondolewa kwa kuwa vivinjari sasa huyarekebisha makosa madogo kwa njia moja, na yale makubwa yanashikwa na masharti mengine. Fomu yenye kisanduku kisichokuwa na jina bado haikidhi miongozo, na tarehe iliyomezwa bado imemezwa.

Ukaguzi wa mkono

Baada ya kikaguzi kuridhika, afisa auache pembeni uchapaji wa kawaida na aufungue ukurasa kama mwananchi. Aweke kipanya kando, atumie kitufe cha Tab na cha Enter tu, aone kama anaweza kuifikia kila sehemu ya fomu na kuituma. Akuze maandishi mara mbili na kuangalia kama kuna yanayokatika. Aufungue kwa simu ya bei ndogo, nje ya ofisi, kwa mtandao wa simu na si wa ofisini. Kisha awashe programu ya kusoma skrini, NVDA katika kompyuta au TalkBack katika simu ya Android, afumbe macho, na ajaribu kuipata tarehe ya mwisho. Kipimo hiki cha mwisho huchosha kwa mara ya kwanza, nacho hufundisha zaidi ya somo hili. Pakiwa na mtumishi asiyeona, aombwe aukague yeye, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa ni kazi.

Ofisi inayomlipa fundi wa nje iyaandike masharti haya ndani ya mkataba kabla ya kutia saini: kurasa zipite katika kikaguzi bila ya kosa, zifikie daraja la AA la WCAG 2.2, na zitaje lugha yake kwa usahihi. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya ukaguzi kufanyika mbele ya afisa. Fundi akisema kwamba yaliyobaki ni maonyo tu, aulizwe onyo moja moja lina maana gani.

Kwa upande wa wananchi, mtu anayekutana na ukurasa usiofunguka, fomu isiyotumika au tangazo lisilosomeka, aiarifu ofisi iliyoutoa ukurasa huo, wala asidhani kwamba kosa ni la simu yake. Taarifa itakayosaidia ni ile inayotaja anuani kamili ya ukurasa, siku na saa, aina ya simu au kompyuta, jina la kivinjari, na kilichotokea pamoja na kilichotarajiwa. Asiyeweza kuandika aieleze kwa mdomo ofisini au kwa sheha wake, nayo iandikwe kwa maneno yake. Pale ambapo kasoro imemkosesha mtu muda wa kuwasilisha maombi, aieleze kasoro hiyo pamoja na maombi yenyewe, na afisa anayeyapokea aufungue ukurasa uliotajwa na kuukagua kabla ya kuyakataa.